Mafuta Yanayoua Ngozi: Mvutano Juu ya Kutunza Majaketi na Makabuti ya Kale

Jaketi la ngozi lililoshonwa Marekani mwaka 1942 linapofika leo mikononi mwa mnunuzi, mara nyingi ngozi yake huwa bado nzima, ilhali kafu zake zilizofumwa kwa sufu zimekwisha kuliwa na nondo, zipu yake ya chuma imepoteza meno mawili matatu, na bitana ya pamba imechanika kwapani. Mmiliki anayelipenda hukimbilia kopo la mafuta, akalipaka mbele na nyuma hadi ling'ae, akiamini kwamba ngozi kavu ni ngozi yenye kiu. Na hapo ndipo, kwa maoni ya wahifadhi wengi wa makumbusho, huweza kuanza madhara makubwa kuliko yote yaliyolipata vazi hilo tangu litoke kiwandani.

Kati ya fundi anayesema ngozi ilishwe mafuta na mhifadhi anayesema iachwe kama ilivyo kuna mvutano wa miaka mingi, nao hauhusu mafuta peke yake. Unagusa swali la msingi kuhusu kile hasa kinachohifadhiwa mtu anapotunza vazi la kale: joto lake, sura yake, au ushahidi uliomo ndani yake wa mikono iliyolishona na wa miili iliyolivaa. Makala haya yanashikilia kwamba ushahidi ndio ulio adimu kuliko vyote, na kwamba matunzo yanayoufuta, hata yakifanywa kwa mapenzi makubwa, ni hasara isiyofidika.

Suala hili linawagusa wakusanyaji wa Marekani, Uingereza na Japani, ambako majaketi ya zamani hununuliwa minadani na kwenye maduka maalumu. Linaigusa pia Afrika Mashariki, ambako makoti ya baridi yaliyovaliwa ughaibuni hushushwa kwa marobota kila wiki, na ambako katika nyumba nyingi za nyanda za juu kabuti la mzee wa ukoo bado limekunjwa ndani ya sanduku la bati.

Vazi la kazi lililogeuka kumbukumbu

Mfano ulio wazi zaidi ni jaketi la marubani wa Marekani linaloitwa A-2, ambalo liliidhinishwa rasmi tarehe 9 Mei 1931 kuchukua nafasi ya A-1 la mwaka 1927, lililokuwa likifungwa kwa vifungo vya kawaida. A-2 lilikuwa na zipu iliyofunikwa kwa ukanda mwembamba wa ngozi, kola iliyobanwa kwa vifungo vya kubonyeza vilivyofichwa chini yake ili isipigwepigwe na upepo, mifuko miwili yenye vifuniko, mgongo wa kipande kimoja kisicho na mshono, pamoja na kafu na ukanda wa kiuno vilivyofumwa kwa sufu.

Majaketi mengi ya aina hii yalishonwa kwa ngozi ya farasi, na mengine kwa ngozi ya mbuzi, katika viwanda vya kiraia vilivyopewa mikataba na serikali, mathalani Aero Leather Clothing Company ya Beacon, katika jimbo la New York, na J. A. Dubow ya Chicago. Ndani ya shingo ilishonwa lebo ya kitambaa ambayo kwa kawaida ilitaja aina ya vazi, namba ya mchoro 30-1415, namba ya mkataba na jina la kiwanda, pamoja na maneno ya kuonyesha kwamba vazi hilo ni mali ya jeshi. Katika lebo nyingi za wakati wa vita namba ya mkataba huanza na tarakimu mbili za mwaka wa fedha wa serikali, kiasi kwamba kipande kidogo cha kitambaa humwezesha mtafiti kujua vazi lilitoka kiwanda gani na katika kipindi gani.

Mwaka 1943 Jenerali Henry Arnold, aliyekuwa mkuu wa jeshi la anga, alisitisha mikataba mipya ya majaketi ya ngozi, na nafasi yake ikachukuliwa na majaketi ya kitambaa. Hata hivyo, wanajeshi waliokwisha kupewa A-2 waliendelea kulivaa hadi mwisho wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1988 jeshi la anga la Marekani lililirudisha tena, safari hii kwa ngozi ya mbuzi.

Thamani kubwa ya majaketi hayo haitokani na ngozi peke yake. Wafanyakazi wa ndege za kivita walichora migongoni jina la ndege yao, wakaongeza alama ya bomu kwa kila safari waliyorudi salama; na marubani Wamarekani waliojitolea kupigana upande wa China katika miaka ya 1941 na 1942 walishonea kipande cha kitambaa chenye bendera na maandishi ya Kichina, yaliyomwomba mwananchi yeyote amsaidie rubani aliyeanguka. Rangi iliyopakwa kwa brashi ya mkono juu ya ngozi ya farasi, ikiwa imepasuka vipande vidogo vidogo kufuata mikunjo ya mabega ya mtu mmoja aliyeishi na kupigana, ni hati ya historia sawa na barua au picha.

> Ngozi inaweza kupatikana tena. Mikunjo ya mabega ya mtu aliyelivaa jaketi miaka 80 iliyopita haipatikani tena popote.

Baridi ya angani na baridi ya nchi kavu

A-2 lilikuwa vazi jepesi, lisilotosha katika baridi ya juu kabisa. Ndege ya mabomu aina ya B-17 iliruka kwenye kimo cha futi 25,000 hivi, sawa na mita 7,600, bila chumba chake kuzibwa dhidi ya hewa ya nje, na huko halijoto iliweza kushuka hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri au zaidi. Kwa baridi ya namna hiyo Wamarekani walikuwa wameidhinisha mwaka 1934 jaketi la B-3, lililotengenezwa kwa ngozi ya kondoo iliyoachwa na manyoya yake, manyoya yakiwa ndani na ngozi iliyopakwa rangi ikiwa nje.

Uingereza ilikuwa na vazi la namna hiyo lililobuniwa na Leslie Irvin, Mmarekani ambaye mwaka 1919 aliruka kutoka ndegeni na kufungua parachuti mwenyewe akiwa angani, kisha akaanzisha kiwanda cha parachuti huko Letchworth. Jaketi la Irvin la miaka ya 1930, lenye zipu ndefu mikononi ili livalike juu ya glavu nzito, ndilo linaloonekana katika picha nyingi za marubani waliotetea anga ya Uingereza mwaka 1940.

Katika uraia, Irving Schott wa New York alitengeneza mwaka 1928 jaketi la waendesha pikipiki lenye zipu ya mshazari, akaliita Perfecto kwa jina la sigara aliyoipenda, na likauzwa dola 5.50. Filamu ya The Wild One ya mwaka 1953, ambamo Marlon Brando alivaa jaketi la aina hiyo, ililigeuza vazi la kazi kuwa alama ya ujana na ukaidi kote duniani.

Makoti ya kitambaa yana historia yake pia. Thomas Burberry alibuni mwaka 1879 kitambaa cha gabadini, yaani kitambaa kilichofumwa kwa kubana sana ambacho nyuzi zake zilitiwa kinga dhidi ya maji kabla ya kufumwa, na baadhi ya makoti ya maofisa wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza yalishonwa kwa kitambaa hicho. Koti la wanamaji lenye kofia na vishikizo vya mbao lilipata jina lake kutoka mji wa Duffel nchini Ubelgiji, ulioujulisha ulimwengu sufu nzito ya aina hiyo.

Kiswahili kimelipa koti zito na refu la baridi jina lake lenyewe, yaani kabuti, na neno hilo linabeba historia ya askari, wapagazi, walinzi wa usiku na wazee wa nyanda za baridi. Mtu aliyekulia Makete, Njombe, Limuru au Kinangop hahitaji kuelezwa kwa nini vazi kama hilo lilithaminiwa, likarithiwa na kutiwa viraka kwa miaka mingi.

Ngozi ilivyoumbwa, na jinsi inavyooza

Ubishi juu ya mafuta hauwezi kueleweka bila kujua ngozi ni kitu gani. Ngozi mbichi imejengwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo zikiachwa na unyevu huoza na zikikauka hukakamaa. Kudabagi ni kuzifunga nyuzinyuzi hizo kwa kemikali ili zisioze wala zisikakamae, na baada ya hapo fundi wa kiwanda huingiza mafuta maalumu yanayozifanya ziteleze moja juu ya nyingine mtu anapokunja mkono.

Njia ya kale ya kudabagi hutumia tanini, yaani kemikali chungu iliyomo katika magome na mbao, na hapa Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya ngozi duniani. Magome ya miti ya miwati ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya tanini hiyo, na kwa ajili yake yalianzishwa mashamba makubwa ya miwati Njombe, ambako kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza mwaka 1949, pamoja na maeneo ya Eldoret nchini Kenya. Njia ya pili, iliyopewa hataza na Augustus Schultz huko Marekani mwaka 1884, hutumia chumvi za madini ya kromiamu, nayo ni ya haraka zaidi.

Tofauti kati ya njia hizo huonekana kwa macho. Ukingo wa ngozi ya tanini, mahali ilipokatwa, huwa wa kahawia hadi ndani, ilhali ukingo wa ngozi ya kromiamu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Ndiyo maana jaketi jeusi la ngozi ya farasi iliyodabagiwa kwa tanini, linapochubuka viwikoni na kwenye kingo za mifuko, hufichua rangi ya chai iliyokuwa chini, na wakusanyaji huithamini sana alama hiyo ya uvaaji wa kweli.

Ngozi ya tanini ina udhaifu mkubwa: hufyonza gesi ya salfa iliyomo katika hewa ya miji yenye moshi, gesi hiyo ikageuka kuwa asidi, na asidi ikazikata nyuzinyuzi polepole kwa miaka mingi. Matokeo yake ni ugonjwa ambao wahifadhi huuita uozo mwekundu, ambapo uso wa ngozi humomonyoka na kuacha vidoleni unga wa rangi ya matofali. Ugonjwa huo hauponi, na maji yakiigusa ngozi ya namna hiyo huifanya nyeusi na ngumu mara moja, kwa hiyo mwenye kuifuta kwa kitambaa chenye maji kwa nia ya kuisafisha huharibu kwa dakika moja kilichodumu kwa karne nzima.

Kambi mbili

Watetezi wa mafuta, ambao wengi wao ni wavaaji na mafundi, wana hoja zisizopaswa kudharauliwa. Wanasema kwamba ngozi ilitiwa mafuta kiwandani, kwamba mafuta hayo hupungua kadiri miaka inavyopita, na kwamba nyuzinyuzi zisizo na mafuta husagana na kukatika kila mkono unapokunjwa. Kwao, jaketi lililofungiwa kabatini limekwisha kufa, kwa sababu lilishonwa livaliwe, na uvaaji wenyewe hulifanya lipate hewa, likunjuke na kuonekana mapema linapoanza kuharibika.

Wahifadhi wanajibu kwa uzoefu walioupata kwa gharama kubwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 maktaba na makumbusho zenyewe zilipaka vifuniko vya vitabu na vifaa vya ngozi mchanganyiko wa mafuta ya miguu ya ng'ombe na lanolini, ambayo ni mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, zikiamini kwamba zinarefusha maisha ya ngozi. Baada ya miongo kadhaa ilionekana kwamba asidi iliendelea kula nyuzinyuzi kama kawaida, ilhali mafuta yalikuwa yameleta madhara mapya: ngozi iligeuka nyeusi, ikanata na kukamata vumbi, ikavutia ukungu na wadudu, na mara nyingi ikatoa juu yake utandu mweupe wa mafuta yaliyoganda.

> Taasisi zilizopaka mafuta kwa miongo mingi ndizo zilizoacha kuyapaka, kwa sababu ziliyaona madhara yake katika makusanyo yao wenyewe.

Kwa jaketi kuna hatari ya ziada. Ngozi iliyoloweshwa mafuta hulainika na kunyumbuka, lakini uzi wa pamba ulioishona miaka 80 iliyopita haunyumbuki nayo, hivyo mzigo wote huangukia kwenye matundu ya mshono, na ngozi dhaifu huchanika kufuata mstari wa matundu hayo kama karatasi ya stempu. Majaketi ya ngozi ya kondoo yako hatarini zaidi, kwa sababu ngozi ya kondoo ni hafifu kwa asili, na rangi iliyopakwa juu yake huzuia mafuta kupenya, kwa hiyo hubaki juu yakinata wakati ngozi iliyo chini inaendelea kukauka.

Ukweli ni kwamba kila kambi inazungumza juu ya kitu tofauti. Jaketi la pikipiki la miaka ya 1970 lililodabagiwa kwa kromiamu, ambalo ngozi yake ni imara na nakala zake ni nyingi, linaweza kuvaliwa na kupakwa mafuta kidogo sana ya ngozi mara moja kwa kipindi kirefu bila hasara kubwa. Jaketi la A-2 lenye lebo yake na mchoro wake mgongoni halistahili kupakwa chochote, kwa sababu kila kinachoingia ndani ya ngozi hakitoki tena, na kinaweza kuilainisha rangi ya mchoro huo na kuibandua.

Mtu asichanganye hukumu hii na makoti ya pamba iliyotiwa nta, kama yale ya Barbour, kampuni iliyoanzishwa South Shields, Uingereza, mwaka 1894. Hayo yalibuniwa tangu mwanzo yapakwe nta upya kila inapopungua, kwa kuwa nta ndiyo inayozuia mvua, na kwayo kupaka ni sehemu ya vazi lenyewe. Hufutwa kwa maji baridi na sifongo, na kamwe hayatiwi sabuni wala mashine ya kufulia, kwa sababu sabuni huiondoa nta yote.

Zipu mpya, lebo ya zamani

Mvutano wa pili unahusu ukarabati. Mkusanyaji anayetaka kuvaa jaketi lake hubadilisha zipu iliyovunjika, huweka kafu mpya na kushona bitana nyingine, na baada ya hapo hupata vazi linalofaa kwa kazi. Mkusanyaji mwingine huona kwamba zipu ya Talon iliyotengenezwa Meadville, Pennsylvania, hata ikiwa haifungiki, ndiyo inayothibitisha umri wa jaketi, na kwamba kuing'oa ni sawa na kuchana ukurasa wa kitabu.

Ubishi huo umezidishwa na nakala mpya. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 watengenezaji kama Buzz Rickson's na The Real McCoy's wa Japani, pamoja na Eastman Leather wa Uingereza, wameshona nakala za majaketi ya jeshi kwa uaminifu mkubwa, wakiiga ngozi, zipu, mishono na hata lebo. Kazi yao ni ya ufundi wa hali ya juu na haina udanganyifu. Lakini nakala ya namna hiyo ikishavaliwa miaka 20 na kupita mikono mitatu, muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuinadi kuwa ni ya mwaka 1942.

Wakusanyaji hutumia taa ya miale ya urujuanimno kama kipimo cha awali, kwa kuwa nyuzi nyingi za sintetiki na vitambaa vilivyotiwa kemikali za kung'arisha, ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, hung'aa chini ya taa hiyo. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwa sababu bitana halisi ya mwaka 1942 iliyofuliwa baadaye kwa sabuni ya kisasa nayo hung'aa. Ushahidi wenye nguvu hutokana na mambo yote kukubaliana: mkato, mshono, zipu, lebo, namba ya mkataba, na uchakavu ulio mahali panapostahili kuchakaa.

Njia ya kati ipo, na inafaa ifuatwe na kila fundi cherehani anayeletewa vazi la namna hii. Mshono uliofumuka ushonwe mapema kwa uzi wa pamba, kupitia matundu yale yale ya zamani bila kutoboa mapya, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Sehemu yoyote inayoondolewa, iwe zipu, kafu au kipande cha bitana, iwekwe ndani ya bahasha ya karatasi pamoja na maelezo ya tarehe na kazi iliyofanyika, na bahasha hiyo isitengane na vazi.

Maadui wa kabatini

Vazi lililoepushwa na mafuta bado linaweza kuuawa na kabati. Wahifadhi hupendekeza ngozi ikae mahali penye giza na hewa, ambapo unyevu wa hewa ni kati ya asilimia 45 na 55, kwa kuwa unyevu unaozidi asilimia 65 hukaribisha ukungu. Kiwango hicho ni kigumu kufikiwa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako unyevu wa hewa ya bahari hukizidi sehemu kubwa ya mwaka, na ndiyo sababu jaketi lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki huko pwani huweza kutoka na ukungu baada ya wiki chache tu.

Adui wa sufu ni nondo wa nguo, na hasa si nondo mwenyewe anayeruka, bali kiwavi wake, ambaye hula kafu, manyoya ya kola na kabuti zima kwa sababu ya protini iitwayo keratini. Dawa salama ni baridi: vazi la sufu hufungwa ndani ya mfuko usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza yenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri kwa muda wa wiki mbili, kisha huachwa ndani ya mfuko huo hadi lipate joto la chumba ili umande usijikusanye juu ya kitambaa.

> Vidonge vya nafthalini vinaweza kumdhuru mtoto mchanga, hata vikiwa ndani ya nguo alizofunikwa nazo.

Vidonge vyeupe vya nafthalini, vinavyotumika katika nyumba nyingi, vinahitaji tahadhari ya pekee. Kemikali hiyo huweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni hali ya kurithi iliyoenea katika maeneo yenye malaria, ikiwemo Afrika Mashariki. Na watoto wachanga ndio walio hatarini zaidi wanapofunikwa nguo zilizohifadhiwa kwa vidonge hivyo. Hakuna kabuti lenye thamani ya kuhatarisha mtoto.

Katika marobota na masandukuni

Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa nguo za mitumba ili kulea viwanda vya ndani. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 Marekani ikasitisha nafuu ya ushuru kwa nguo zilizotoka Rwanda chini ya mpango wa AGOA, wakati majirani zake walikuwa wamekwisha kulegeza msimamo. Biashara hiyo imeendelea katika masoko kama Gikomba la Nairobi na Karume la Dar es Salaam, na miongoni mwa makoti yanayochambuliwa humo yamo yaliyoshonwa kabla wachambuzi wenyewe hawajazaliwa.

Kinachosikitisha ni kwamba vazi la namna hiyo linapofika sokoni, mara nyingi hufuliwa kwa sabuni ya unga, huanikwa juani, hupigwa dawa ya viatu ili lionekane jipya, na lebo iliyochakaa hukatwa kwa kudhaniwa ni uchafu. Muuzaji hutenda hivyo kwa nia njema ya kupata bei, bila kujua kwamba anaondoa kile ambacho kingempa bei kubwa zaidi.

Masanduku ya nyumbani yana uzito zaidi ya marobota. Kabuti alilorudi nalo babu kutoka jeshini au kutoka kazi ya ulinzi ni ushahidi wa maisha ambayo mara nyingi hayakuandikwa popote, na namba iliyopigwa muhuri ndani ya bitana, kifungo cha shaba chenye nembo au kiraka kilichoshonwa na bibi kwa mkono vinaweza kueleza mengi kuliko cheti. Vitu hivyo vikitupwa au kukatwa matambara, hakuna kumbukumbu rasmi itakayovirudisha.

Mambo sita ya kuzingatia

1. Piga picha za vazi, lebo, zipu na mihuri kabla ya kuligusa kwa namna yoyote.

2. Ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Ngozi inayoacha unga mwekundu isiguswe na maji wala mafuta.

3. Tundika jaketi kwenye hanga pana iliyofunikwa kitambaa cha pamba. Makoti mazito ya ngozi ya kondoo yalazwe, na mikunjo iwekewe karatasi laini ndani.

4. Funika kwa shuka la pamba lililofuliwa bila manukato, usifunike kwa plastiki.

5. Vazi lililoloa likaushwe polepole kivulini penye hewa, mbali na jua, moto na pasi.

6. Kagua kila mwezi kafu, kola na kwapa, ambako nondo na ukungu huanzia.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi wala maabara, ila yanahitaji subira na heshima kwa kazi ya watu waliotangulia. Mwenye jaketi la kale au kabuti la ukoo anaombwa, kabla hajafungua kopo la mafuta au kumwita fundi, alitoe vazi hilo kivulini, asome kilichoandikwa ndani yake, aulize wazee waliobaki lilikuwa la nani na lilivaliwa wapi, aandike majibu hayo kwenye karatasi, na karatasi hiyo aiweke mfukoni mwa vazi lenyewe.